Leopard Creek, Malelane: Mto Crocodile unapita uwanjani au ni jirani tu?

Mpiga_Mkwaju

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua vizuri Leopard Creek, ile klabu binafsi ya gofu ya Malelane, Afrika Kusini, ambako Alfred Dunhill Championship imechezwa kwa miaka mingi mwishoni mwa mwaka. Kwenye runinga kila baada ya dakika mbili utasikia "kando ya Mto Crocodile", mara kiboko katoa masikio majini, mara mamba anaota jua, halafu mchezaji anapiga na mpira wake unazama. Sielewi: mto unapita ndani ya uwanja, au maji tunayoyaona ni mengine? Na kama ng'ambo ndiyo Hifadhi ya Kruger, nani alitangulia, hifadhi au klabu? Nani aliianzisha, nani aliuchora uwanja?

Pia nimesoma kwamba waliondoa nyasi za kikuyu wakaotesha ukoka. Kwa nini mtu aondoe nyasi zinazostawi vile? La mwisho: mpira ukisimama hatua tano kutoka kwa mamba, sheria inasemaje? Naomba majibu yaliyoshiba, si "tafuta mtandaoni mkuu".

---

Bonde_la_Komati

Nianze na mto, maana hapo ndipo watazamaji wengi wanapopotea. Mto Crocodile hauingii uwanjani. Unapita kaskazini mwa eneo la klabu; ukiwa ukingo wa kusini, pori unaloliona ng'ambo ni Kruger. Maji yanayomeza mipira kwenye runinga ni mabwawa na vijito vilivyotengenezwa uwanja ulipokuwa unachongwa. Viboko na mamba wanayapenda hayo mabwawa pia, ndiyo maana kamera inakuchanganya.

Shimo linalokukutanisha na mto wenyewe ni la 13, la mikwaju 5 (idadi anayotarajiwa mchezaji hodari kulimaliza nayo). Grini yake, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye kishimo cha bendera, imekaa juu ya genge, takriban mita 30 juu ya maji, na nyuma yake ni bonde tupu na hifadhi. Hata hapo mto ni wa kutazamwa tu. Mpira ukivuka grini umekwenda, hakuna wa kuufuata kule chini.

Mto wenyewe unaanzia nyanda za juu karibu na Dullstroom, unashuka mashariki kupitia Mbombela (zamani Nelspruit) na Malelane, unaungana na Komati pale Komatipoort mpakani na Msumbiji, na maji yanaishia Ghuba ya Maputo. Usiuchanganye na Mto Crocodile wa magharibi, ambao ni wa bonde la Limpopo. Jina ni moja, maji hayakutani.

Kuhusu nani alitangulia: hifadhi, kwa karibu miaka mia. Serikali ya Paul Kruger, rais wa Transvaal wakati huo, ilitangaza Hifadhi ya Sabi mwaka 1898, kwenye ardhi iliyo kati ya mto Sabie na huu Crocodile. Maana yake mto ulikuwa mpaka wa wanyama tangu siku ya kwanza. James Stevenson-Hamilton alipewa kuisimamia mwaka 1902, na mwaka 1926 ikaunganishwa na ardhi nyingine ikawa Hifadhi ya Taifa ya Kruger.

Kwa nini ukingo wa kusini ukawa mashamba na wa kaskazini ukabaki pori? Hapo zamani bonde zima lililindwa na mbung'o na malaria. Farasi na ng'ombe hawakudumu humo. Kisha ikaja sotoka, ile ile iliyoteketeza ng'ombe wa Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890. Iliteremka kusini nchi kwa nchi, mwaka 1896 ikavuka Limpopo, ikaua nyati na wanyama wengine ambao mbung'o walikuwa wakiwanyonya damu, na mbung'o wa kule wakatoweka. Reli ya kutoka Pretoria hadi Delagoa Bay, yaani Maputo ya leo, ilikuwa imekamilika mwaka 1894 ikifuata bonde hili hili. Kwa hiyo upande wa kusini ukapata usafiri na ukapungukiwa adui mmoja, na upande wa kaskazini tayari sheria ilikuwa imeufunga. Miwa ikashika kasi kuanzia miaka ya 1960. Leo klabu imebanwa katikati: huku miwa, kule tembo.

Jambo moja ambalo watu wa gofu hulisahau: maji ya mto huu yana wenyewe wengi. Miwa, matunda, miji, hifadhi yenyewe, na Msumbiji iliyo mwisho wa bomba. Bwawa la Kwena, juu kabisa ya bonde, lilijengwa miaka ya 1980 ili mto usikauke wakati wa kiangazi wakulima wakiwa bado wanavuta. Ukitaka kuelewa kwa nini klabu ya kitajiri inahangaika na aina ya nyasi, anzia hapo.

---

Kadi_ya_Alama

Niongeze upande wa klabu. Mwanzilishi ni Johann Rupert, mwenyekiti wa Richemont, kampuni ya bidhaa za kifahari inayomiliki pia jina la Alfred Dunhill. Hapo umeshajibiwa kwa nini mashindano yana jina hilo na kwa nini yalihamia hapo. Baba yake, Anton Rupert, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Peace Parks Foundation mwaka 1997 pamoja na Nelson Mandela na Prince Bernhard wa Uholanzi, ule mfuko unaosukuma hifadhi zinazovuka mipaka, ikiwemo ya kuiunganisha Kruger na Hifadhi ya Limpopo ya Msumbiji. Uwanja ulichorwa na Gary Player na ukafunguliwa mwaka 1996. Mikwaju ya kawaida ni 72, urefu zaidi ya yadi 7,200, yaani kama kilomita 6.6. Wanachama huingia kwa kualikwa. Majengo ni ya makuti, na sanamu za shaba za chui ni kazi ya mchongaji Dylan Lewis.

Mashindano hayakuzaliwa hapo. Yalikuwa yakichezwa Houghton, Johannesburg, yakahamia Leopard Creek Desemba 2004. Wa kwanza kushinda hapo alikuwa Charl Schwartzel, na ameshinda hapo mara nne kwa jumla.

Shimo la kulisoma ni la 18, la mikwaju 5, ambalo grini yake ni kisiwa. Ukiwa na nguvu unaweza kuifikia kwa mikwaju miwili, na mtego ndio huo. Desemba 2007 Ernie Els alifika shimo hilo siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju miwili. Alizamisha mipira miwili, akaandika 8, na John Bickerton akachukua kombe kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Hesabu yake ni rahisi: anayeongoza kwa mikwaju miwili hana haja ya kufika kwa miwili. Anaupeleka mpira wa pili umbali anaouamini kwa fimbo fupi, yadi 90 hadi 110 kwa wengi wao, wa tatu unatua katikati ya kisiwa, miwili ya kuviringisha, anaandika 5 anakwenda kuoga. Kisiwa hakimhukumu anayepungukiwa tu. Grini ikiwa kavu na ngumu, mpira unaotua mbele ya bendera unaruka na kutokea nyuma.

Na joto msilichukulie kama porojo za watangazaji. Malelane iko chini ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na mwishoni mwa mwaka nyuzi 35 hadi 40 ni jambo la kawaida. Mwaka 2019 waandaaji waliruhusu wachezaji kuvaa kaptura wakati wa mashindano, kitu ambacho European Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Ulaya, ilikuwa haikubali. Mwaka huo huo Pablo Larrazábal alishinda akichechemea kwa lengelenge la mguuni, siku ya mwisho kapiga 75 na bado kombe likabaki kwake.

---

Fundi_Nyasi

Swali la kikuyu nalichukua mimi.

Kwanza jina. Nyasi hii imepewa jina la Wakikuyu wa Kenya kwa sababu kwao ndiko kwao: nyanda za juu za Afrika Mashariki, takriban mita 1,500 hadi 3,000, penye ubaridi na mvua ya kutosha. Inatambaa kwa mashina mazito juu ya ardhi na mengine chini ya udongo, inafunga zulia ambalo mpira unakaa juu kama yai kwenye kiota. Limuru au Njombe inapendeza. Sasa ishushe hadi chini ya mita 400, jua la nyuzi 38, kando ya mto unaogombewa. Itaota, tena sana, lakini utailipia kwa maji, kwa mbolea ya naitrojeni na kwa kukata mara kwa mara. Na zulia lake linazidi kunenepa: chini ya majani ya kijani kuna tabaka la mashina makavu linalonyonya maji kabla hayajafika kwenye mizizi.

Ukoka ni mtu wa joto. Unakubali kukatwa milimita 8 hadi 12 kwenye fewei (ukanda wa nyasi zilizokatwa kati ya pa kuanzia na grini), ukikosa maji unalala kahawia badala ya kufa, na mvua ikirudi unaamka. Tena ni nyasi ya Afrika tangu asili, si mgeni.

Maji yenyewe yahesabu hivi: milimita 1 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Chukua uwanja wowote wenye hekta 25 zinazomwagiliwa. Milimita 5 kwa siku ni mita za ujazo 1,250. Ukipata nyasi inayoridhika na 3.5, umeokoa 375 kila siku ya kiangazi. Huo ni mfano wa hesabu tu, si takwimu za Leopard Creek, ila ndiyo hoja nzima ya ukarabati wao. Mwaka 2017 mashindano hayakuchezwa kwa sababu uwanja ulikuwa kwenye matengenezo, yakarudi Desemba 2018 wachezaji wakakuta fewei za ukoka.

Kwa nini kazi hii inakula msimu mzima? Kwa sababu kikuyu haifi kwa kupuliziwa mara moja. Utaratibu wa kawaida ni huu. Usiikate kwa wiki moja au mbili ili ipate majani ya kupokea dawa. Imwagilie na iwe inakua kwa nguvu, kisha puliza glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Acha siku 7 hadi 10 bila kugusa ili dawa ishuke mpaka kwenye mashina ya chini. Baada ya hapo, na hapa ndipo watu wanapobana matumizi kwa ujinga, *endelea kumwagilia*. Unataka kilichobaki hai kichipue ukione. Wiki ya 3 au ya 4 puliza tena. Mara nyingi na ya tatu inahitajika. Ndipo unapokwangua zulia lote lililokufa, unasawazisha, unaweka mchanga kama udongo ni mzito, na kupanda vipande vya ukoka, mita za ujazo 30 hadi 40 kwa hekta ukitaka ufunge haraka. Udongo uwe umeshapata joto, nyuzi 18 kwenda juu. Wiki mbili za kwanza maji kidogo kidogo mara 4 hadi 6 kwa siku, kisha unapunguza. Wiki 8 hadi 12 umefunga.

Yanayoharibika: mtu anapuliza nyasi iliyonyauka kwa ukame, dawa haishuki, baada ya mwezi kikuyu imerudi. Au anaacha ukanda wa nusu mita kuzunguka bunka (mashimo ya mchanga) na vinyunyizio kwa kuogopa kuharibu, na huo ukanda ndio unaozaa upya. Au analeta mashine iliyokata kikuyu upande mwingine bila kuiosha. Kikuyu hutoa maua na mbegu chini kabisa, hata ikiwa inakatwa fupi, na mbegu zinasafiri kwenye visu na matairi. Na kwa klabu ya kando ya mto kuna la ziada: dawa nyingi za glaifoseti zimechanganywa na sabuni ya kuisaidia kushika jani, na sabuni hiyo ni sumu kwa vyura na samaki. Karibu na maji unatumia aina iliyoidhinishwa kwa matumizi ya majini, unapuliza asubuhi pasipo upepo, na mita kadhaa za mwisho unafanya kwa pampu ya mgongoni, si kwa trekta.

---

Mpiga_Mkwaju

Nimeshiba, asanteni. Bado swali la mamba. Na naongeza: ile kanuni maarufu ya Jinja, Uganda, ya kuutoa bila adhabu mpira ulioingia kwenye unyayo wa kiboko, kwa nini waliitunga? Sheria za kawaida si tayari zinakupa nafuu, yaani ruhusa ya kusogeza mpira, kwenye mashimo ya wanyama?

---

Kanuni_Kwanza

Hapana, na ndiyo maana Jinja walihitaji kanuni ya ndani, ya klabu yenyewe. Sheria inaposema shimo la mnyama inamaanisha shimo *lililochimbwa* na mnyama: ngiri, nungunungu, fuko. Hesabu humo pia udongo uliotolewa, na njia iliyochakaa inayoelekea kwenye shimo. Kiboko hachimbi, anakanyaga. Unyayo wake, hata uwe na kina cha sufuria, kwa sheria tupu ni ardhi isiyo sawa na unacheza mpira ulivyo. Kamati ya klabu ina ruhusa ya kutangaza uharibifu wa nyayo za wanyama kuwa ardhi inayotengenezwa, na hapo ndipo unapopata nafuu bila adhabu. Juu ya grini hauhitaji kanuni ya ndani: unaruhusiwa kurekebisha alama ya mnyama kabla ya kuviringisha. Ndani ya bunka, bila kanuni hiyo, pole.

Sasa mamba. Kanuni ya 16.2, hali ya mnyama hatari. Sheria inataja nyoka wenye sumu, nyuki, aligeta, siafu wa moto na dubu kama mifano tu, kwa hiyo mamba, kiboko, chui na nyati wamo bila ubishi.

Mpira ukiwa nje ya eneo la adhabu (bwawa, kijito na kingo zake zilizowekewa vigingi): tafuta mahali pa karibu zaidi ambapo hatari haipo, pasipo kusogea karibu na shimo la bendera. Pima urefu wa fimbo moja kutoka hapo, fimbo ndefu kuliko zote mfukoni isipokuwa ya kuviringishia. Dondosha mpira kutoka kimo cha goti, si bega kama ilivyokuwa kabla ya 2019. Hakuna adhabu. Huna haja ya kwenda kuuchukua mpira ule wa kwanza, tumia mwingine.

Mpira ukiwa ndani ya eneo la adhabu, lenye vigingi vyekundu au vya njano, hapo watu hujikwaa. Nafuu ya bure ipo, lakini ya kudondosha *ndani ya eneo hilo hilo*. Ukitaka kutoka nje unalipa mkwaju mmoja kama kawaida. Ukingoni mwa bwawa lenye mamba, mahali salama ndani ya eneo la adhabu mara nyingi hapapo, kwa hiyo kivitendo utalipa mkwaju. Vigingi vikiwa vyekundu una njia ya ziada, urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovuka mpaka. Vya njano havina hiyo: unarudi nyuma kwa mstari wa shimo, au ulikopiga mwanzo.

Nafuu haitolewi kama mpira usingechezeka hata mamba asingekuwepo, mfano umekwama katikati ya mizizi. Wala mmea hausaidii: miiba na upupu si wanyama.

Nyani au tumbili akiuchukua mpira uliotulia, Kanuni ya 9.6, unarudisha mpira pale ulipokuwa, kwa kukadiria kama hukupaona vizuri, bila adhabu. Sharti ni uhakika. "Labda ni nyani" haitoshi. Kama hakuna aliyeona wala ushahidi wa wazi, mpira umepotea: unaongezewa mkwaju mmoja na kurudi kupiga ulikopiga mwanzo. Mpira unaokwenda ukimgonga swala kwa bahati, unacheza ulipoishia.

---

Waya_na_Athi

Kanuni yuko sahihi ila niongeze kwa nini nyayo za kiboko zinaisumbua klabu kuliko zinavyomsumbua mchezaji.

Kiboko wa tani moja na nusu anatoka majini giza likiingia na anakula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku. Fewei iliyokatwa, laini, yenye mbolea, ni mezani kabisa. Kula kwenyewe si hasara kubwa, anakata kama mashine. Hasara ni miguu: anapita njia ile ile kila usiku, na ardhi ikiwa imelowa anazama sentimita 10 au zaidi, anavunja vichwa vya vinyunyizio na kukandamiza mabomba ya pembeni. Kosa la kwanza la viwanja vingi vya kando ya maji ni kumwagilia jioni. Unamwandalia tope. Mwagilia alfajiri, saa 9 hadi 11, akiwa anarudi majini, na udongo unakuwa umekauka kiasi jioni inapofika.

Waya wa kumzuia hauhitaji kuwa mrefu, kiboko haruki. Waya mmoja au miwili kwenye kimo cha goti la mtu, sentimita 40 hadi 60, unatosha mradi umeme ni wa kweli: volti 5,000 hadi 7,000, mapigo takriban moja kwa sekunde. Waya ukifeli, usikimbilie kununua chaja kubwa (mashine inayotia umeme kwenye waya). Angalia athi, yaani nondo za chuma zinazounganisha chaja na ardhi. Nondo 3 za mita 1.5 hadi 2, umbali wa mita 3 kati yao, zizamishwe penye unyevu. Kwenye mchanga mkavu wa mwezi wa tisa nondo moja fupi haifanyi kitu, mnyama anagusa hasikii. Sababu ya pili ni majani yanayogusa waya na kuuvujisha. Fyeka ukanda wa nusu mita kila wiki mbili wakati wa mvua, kila mwezi wakati wa kiangazi. Pima volti mwisho wa laini, si mwanzo. Na usimkatie kiboko njia zote za kutoka majini. Mwachie upande mmoja wenye malisho, la sivyo atapita kwenye waya wenyewe siku ya njaa.

Kutengeneza unyayo: ukiwa na kina chini ya sentimita 5, ingiza uma kuzunguka kingo, vuta nyasi kuelekea katikati, jaza mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Ukizidi hapo kata kipande chote kama keki, legeza chini, maana pameshindiliwa hadi mizizi haipenyi, kisha weka nyasi mpya. Ukijaza mchanga tu bila kulegeza, baada ya miezi miwili utaona duara la njano na utadhani ni ugonjwa.

Mafuriko nayo ni sehemu ya kuishi kando ya mto huu. Februari 2000 mito yote ya kule ilijaa, na Msumbiji chini yake ikazama. Grini iliyo juu ya genge haiguswi. Zinazoumia ni pampu na fewei za bondeni. Tope likiachwa likakauka linakuwa saruji; lioshwe likiwa bado bichi, ndani ya siku moja au mbili, na lililozidi sentimita 2 likwanguliwe kwa koleo kabla ya kuosha.

---

Njia_ya_N4

Kwa wanaotaka kufika: barabara ni N4, Johannesburg hadi Malelane ni kama kilomita 400, na kutoka Mbombela ni 65 hivi. Kutoka Maputo ni karibu zaidi, unavukia Ressano Garcia na Lebombo. Klabu ni ya wanachama na wageni wao, hupigi simu ukapewa nafasi. Ila mto wenyewe ni wa bure kuutazama: Lango la Malelane la Kruger liko ng'ambo ya daraja la mto huu, na viboko huonekana kutoka pale pale darajani. Ni ukanda wa malaria, hatari ikiwa juu kuanzia Septemba hadi Mei, kwa hiyo dawa za kinga zipangwe kabla ya safari.

Anayetaka kucheza penye wanyama bila kualikwa na tajiri aende Skukuza, ndani ya Kruger. Uwanja ulijengwa mwaka 1972 kwa ajili ya wafanyakazi wa hifadhi, mashimo 9 yenye sehemu 18 za kuanzia, hauna uzio, na wageni wanaruhusiwa baada ya kusaini karatasi kwamba ukikanyagwa na nyati hutamdai mtu. Kutoka Lango la Malelane ni zaidi ya kilomita 60 na mwendo hauruhusiwi kuzidi 50 kwa saa, kwa hiyo kama umepangiwa kuanza saa 2 asubuhi, uwe langoni linapofunguliwa.